Niliyempasua Bila Kumwuliza Jina



Nilisomea ualimu nikiwa bado kijana, na leo nimekwisha kupita miaka 50. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia mbele ya ubao, shuleni na katika mafundisho ya dini hapa Kaniama. Ninawaandikia juu ya kosa nililolifanya mbele ya darasa zima, na juu ya kijana aliyenisaidia kuliona.

Ilikuwa Jumamosi, saa ya mafundisho ya Kipaimara. Nilikuwa nikieleza mapaji ya Roho Mtakatifu, nikaona kijana mmoja wa miaka 15 ameinamia daftari lake kwa bidii isiyohusu somo langu. Nilimkaribia. Ukurasa mzima ulijaa mtu aliyesimama kwa mkono mmoja, miguu juu, nywele za kusokotwa zikining'inia, mguu mmoja umenyoshwa tayari kupiga.

"Ni nini hii?" nikauliza.

Akajibu kwa sauti ndogo, "Ni mtu wa mchezo, Baba Mwalimu. Wa katika simu."

Sikuuliza zaidi. Niliwaambia wote kwamba mapigano ya simu ni mlango wa shetani, kisha nikaupasua ukurasa ule vipande viwili. Darasa likacheka. Yeye hakucheka wala hakulia. Alilifunga daftari lake tu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja, na ya tatu vilevile. Ndipo nikaenda kwao. Mama yake alinipa kiti chini ya mwembe, akamwita. Nilimwambia kijana mbele ya mama yake kwamba nilimkosea, nikaomba vile vipande viwili ili nivigundishe. Mama akanijibu kwa upole kwamba vilikwisha kuwashia moto.

Basi nikaomba jambo lingine. "Mwanangu, nionyeshe unavyomchora, toka mwanzo."

Alinitazama kitambo, kama mtu anayepima iwapo anategwa. Kisha akaleta daftari.

Alianza kwa penseli, akiishika kwa wepesi hata mistari ilionekana kwa shida. Hakuanza na uso, kama nilivyotazamia, bali na mstari mmoja uliopinda, kutoka mkono ulio chini hadi mguu ulio juu. "Huu ni mwendo wake," akasema. "Ukiukosa, mtu anakuwa kama nguzo." Akafuata duara la kichwa, na kwa kipimo cha kichwa hicho akaupima mwili: mtu mzima, aliniambia, hukaribia vichwa saba na nusu. Akaweka viduara vidogo penye bega, kiwiko na goti, akaviunganisha, akavika nyama na nguo. Alifuta mara nyingi. Mistari iliyompendeza aliipitia kwa biki, akangoja wino ukauke, ndipo akaifuta penseli yote.

Ikaja rangi. Nilidhani kutia rangi ni kujaza nafasi tupu. Yeye aliniuliza, "Baba Mwalimu, jua liko upande gani?" Nikainua macho mbinguni. Akatabasamu, akanionyesha karatasi: jua la ndani ya picha. Tukaliweka juu, upande wa kushoto, na tangu hapo kila kivuli kililitii.

Katika kisanduku chake cha penseli 12 mlikuwa na kahawia moja tu. Kwa ngozi alitanguliza manjano nyepesi, akapaka kahawia juu yake, kisha nyekundu kidogo. Penye kivuli akatumia buluu nzito. Nilimwuliza kwa nini asitumie nyeusi. "Nyeusi inaua ngozi," akajibu. Kwenye paji la uso na bega, mahali jua linapogusa, aliiacha karatasi wazi. Suruali aliamua iwe ya kijani na manjano, kwa sababu mtu huyu ni wa Brazil.

Hapo ndipo nilipouliza, kwa kuchelewa sana, ni nani.

Anaitwa Eddy Gordo. Aliingia katika mchezo wa Kijapani uitwao Tekken 3, uliotolewa mwaka 1997. Katika hadithi yake, baba yake anauawa na wafanya biashara ya madawa ya kulevya, naye Eddy anafungwa kwa kosa lisilo lake. Gerezani mzee mmoja mfungwa anamfundisha capoeira, mchezo wa kupigana unaofanana na ngoma.

Neno hilo, capoeira, nilikuwa nimelisoma zamani. Lilikuzwa Brazil na watumwa Waafrika, wengi wao wakiwa wametolewa Angola na Kongo. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1888, lakini sheria ya mwaka 1890 ikawaadhibu waliocheza capoeira hadharani. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Kumbe mtu yule niliyemwita mlango wa shetani alibeba katika miguu yake kumbukumbu ya watu waliochukuliwa kutoka pande zetu, na mimi, mwalimu, nilimpasua bila kumwuliza jina.

Sisi Wakatoliki hatuna udhuru katika jambo hili. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulitetea picha takatifu ukifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Mchoro wa mchezo si picha takatifu, nami sisemi hivyo. Lakini Kanisa lilikwisha kutufundisha swali la kwanza mbele ya picha yoyote: aliyechorwa ni nani, na anayemchora anampendea nini? Kijana huyu, ambaye naye hana baba, alimpenda yatima aliyefundishwa na mzee. Mzee aliyekuwa karibu naye, yaani mimi, alimchekesha mbele ya wenzake.

Ninyi mnaochora, nina neno kwenu pia. Kunakili si aibu. Mkono hujifunza kwa kufuata. Lakini msiishie hapo. Mwaka 1946, mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji, akakataa kuwapa vielelezo vya Ulaya vya kuiga. Alitaka wachore waliyoyaona wao wenyewe. Pilipili Mulongoy akachora samaki na ndege. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake mistari mifupi mifupi. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Kila mmoja akawa na mkono unaojulikana.

Nilimsimulia kijana habari hiyo, nikamletea kisanduku kipya cha penseli. Kurudi kwenye mafundisho sikumwomba. Alirudi baada ya majuma mawili, akakaa kwenye benchi lilelile, nami nikaomba msamaha tena, safari hii mbele ya wale waliocheka.

Picha yake ya karibuni iko ukutani kwao. Eddy Gordo yuko kando ya reli yetu itokayo Kamina, mkono mmoja umeshika vumbi jekundu, nyuma yake shamba la mahindi. Jua liko kushoto. Mguu mmoja umetoka mrefu kupita kiasi. Mchoraji ameuona, na anasema ataurekebisha.

Jumamosi mkikutana katika vikundi vyenu, kila mmoja alete mchoro mmoja, au amtaje mtu mmoja wa mchezo au hadithi anayempenda, na wengine wamwulize: ni nani huyu, na kwa nini yeye? Msikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Na ninyi viongozi, kaeni mmefunga mikono yenu. Yangu ilikuwa na haraka, na ukurasa ule sikuweza kuurudisha.