Katika Msitu wa Yangambi

Sisi tuliozaliwa katika vilima vya Burundi tumezoea kuona mbali: shamba la jirani, migomba yake, na kilima kingine nyuma yake. Tulipovuka mpaka kwenda Kisangani kusoma elimu ya misitu, tulijiona tayari wajuzi, maana tulikuwa tumekwisha kuitembelea Kibira. Lakini msitu wa Kongo ni jambo jingine. Humo jicho halifiki mbali, na jua la mchana hushuka chini kama vipande vya fedha vilivyotawanyika.

Mwezi wa Agosti tulishuka mto kwa mtumbwi wa mota mpaka Yangambi, yapata kilometa 100 kutoka Kisangani. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha shirika la uchunguzi wa kilimo, na Yangambi ikawa kituo chake kikuu. Tulionyeshwa nyumba yenye mimea iliyokaushwa, zaidi ya 100,000, kila mmoja umebandikwa juu ya karatasi pamoja na jina lake. Tuliuona pia mnara wa chuma wa mita 55, uliosimamishwa mwaka 2020, unaopima hewa ya kaboni ambayo msitu huivuta na kuitoa.

Aliyetuongoza msituni alikuwa mzee wa kijiji cha karibu. Hakuwa na dira wala daftari, ila panga. Alichanja gome la mti, akanusa, akataja jina. Mbele ya mti mmoja mnene alisimama, akasema, "Wanangu, huyu ndiye mama wa mbinzo."

Mti huo ni sapeli. Majani yake ni chakula cha viwavi ambavyo watu wa huko huviita mbinzo, na majira yao yakifika, hushuka chini kwa wingi. Jamaa nzima huenda kuwaokota. Wengine huliwa nyumbani, wengine hukaushwa na kuuzwa mjini, na fedha yake husaidia kulipa masomo ya watoto. Lakini wafanyabiashara wa mbao nao huutafuta mti huo huo. Unapoangushwa, ubao huenda ng'ambo, na sufuria ya kijijini hubaki tupu. Ili sapeli mwingine ufikie unene ule, yapasa kungoja zaidi ya miaka mia.

Siku ya tatu mvua kubwa ilitukuta. Upepo ulivunja matawi, kila mtu akakimbilia upande wake. Ilipotulia, mwenzetu mmoja hakuonekana, na giza lilikuwa linakaribia. Tuliita mpaka sauti zikakauka, msitu ulizimeza. Mzee hakuita. Alitafuta mti wenye mizizi mipana kama mbao zilizosimamishwa, akaokota gogo, akaupiga mzizi: du! du! du! Ukalia kama ngoma. "Pigeni, nyamazeni, sikilizeni," alituamuru. Tulifanya hivyo kwa zamu, huku tukisali moyoni. Baada ya muda mrefu tulisikia jibu hafifu: mwenzetu naye alikuwa akipiga mzizi. Tuliifuata sauti ile, tukamkuta ameloa, miguu imeumwa na siafu, lakini mzima. Tulipiga magoti palepale katika matope, tukamshukuru Mungu.

Usiku ule, tukila chikwangi na samaki karibu na moto, tulimwuliza mzee nani alimfundisha. "Baba yangu," alijibu. "Lakini wajukuu wangu wako mjini. Hawaujui mti hata mmoja." Ndipo tulipofungua madaftari yetu, tukaandika majina ya Kiturumbu aliyoyataja, kila moja kando ya jina la Kilatini.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliihesabu misitu ya Amazoni na ya Kongo kuwa mapafu ya dunia. Nani atayalinda mapafu hayo, ikiwa watoto wa nchi hawajui hata kuyataja? Jani kavu lina jina, lakini halina harufu wala sauti. Hayo hukaa kwa wazee.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wenu kwa babu zao. Nanyi wanafunzi, likizo ikifika, chukueni daftari, mwulizeni babu majina ya miti kumi. Andikeni mapema, kwa maana wazee hawatungoji.