Kukua na Kukoma

Binadamu amezoea kusifu kila kikuacho. Mtoto akiongezeka kimo hupongezwa, shamba likistawi hufurahiwa, na mali ikizidi huonewa kijicho. Ini, kiungo kilichositirika chini ya mbavu za kulia, lina fundisho jingine.

Mwaka 1931, huko Marekani, Higgins na Anderson waliwapasua panya weupe, wakaondoa kiasi cha sehemu mbili katika tatu za maini yao. Pande zilizokatwa hazikuota tena. Zile zilizosalia zilitanuka, na kwa muda wa wiki mbili hivi zikafidia upungufu wote.

Kazi hiyo huanza pasipoonekana kwa jicho. Katika kiini cha chembe hai imo DNA, hati ya asili isiyotoka kiinini. Nakala zake ni RNA, nazo hupelekwa nje kuongoza utengenezaji wa protini. Saa chache baada ya kisu kupita, kunakili huongezeka. DNA mpya hufuata, ambayo katika panya hufikia kilele chake kwa saa 24 hivi. Kisha chembe hugawanyika. Dawa ya aktinomisini ikizuia nakala mapema, yanayofuata hayatokei.

Ini lenye saratani nalo hunakili kwa bidii, kwa kalamu ileile na wino uleule. Atazamaye wingi wa nakala peke yake aweza kudhani maradhi ni nafuu, na nafuu ni maradhi. Lakini ini lililokatwa hukua kwa haja. Haja ikiisha, hupunguza kazi likatulia. Saratani haina siku ya kutosheka. Hati yake imeharibika, pengine kwa virusi vya homa ya ini ya aina ya B, pengine kwa sumukuvu ya mahindi na karanga, na amri ya kukoma haitiiwi tena.

Hapo ndipo penye dhiki ya tabibu. Aondoapo uvimbe, hutegemea ini lilelile likue upya. Na mara nyingi ini hilo limekwisha jaa makovu, nguvu zake zimepungua. Sumu izuiayo RNA haibagui: humzuia mharibifu, humzuia na mjenzi. Tabibu hatafuti njia ya kukomesha kukua. Hutafuta njia ya kurudisha kipimo kilichopotea.