Kidude Kilichotolewa Feri

Mpwa wangu Rehema,

Huku Feri mama yako hajambo, ila magoti. Juzi ulinipigia simu kutoka Njombe kuniuliza gari lingurume dakika ngapi asubuhi ndipo hita ianze kutoa joto, maana unafika shuleni vidole vimekufa ganzi. Nikakujibu, "Vumilia, baridi ya Juni hiyo." Nilipokata simu roho ikanisuta.

Hita haina moto wake, mwanangu. Inaazima joto la maji ya injini: yakishapata moto yanapita kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, wewe unaota. Ili yapate moto upesi kuna thamostati, kidude cha kuenea kiganjani chenye nta ndani. Maji yakiwa ya baridi kinaziba njia ya kwenda kwenye rejeta. Yakikaribia nyuzi 80 na kitu, nta inavimba na mlango unafunguka.

Kwenye hiyo Vitz niliyokuachia hakipo. Nilikubali mimi kitolewe.

Ilikuwa foleni ya pantoni, jua la saa saba, nimepakia mama mmoja na ndoo zake mbili za samaki anavuka Kigamboni. Gari likachemsha. Mvuke ukafuka kwenye boneti, nyuma yangu honi, yule mama ananililia barafu yake inayeyuka. Fundi mmoja akajitokeza, akachomoa thamostati akaitupa pembeni: "Dar yote hii joto, ya nini?" Nikamlipa, nikamshukuru na soda juu. Kumbe mgonjwa alikuwa feni ya rejeta. Nilikuja kuibadilisha wiki mbili baadaye. Thamostati haikurudi. Huku pwani nani atagundua? Hakuna anayewasha hita Feri. Nilichoona ni petroli kuisha haraka, kwa sababu kompyuta ikihisi injini ya baridi inazidisha mafuta. Nikawa nagombana na vijana wa kituoni kwamba wananipunja.

Wewe mwenyewe utathibitisha. Angalia kile kitaa cha bluu kwenye dashibodi, kinachosema injini bado ni ya baridi. Zamani kilizimika kabla sijafika Posta ya Zamani. Kwa baridi ya huko, gari zima lingechukua kama dakika tano hadi kumi za mwendo. Chako nadhani kinakufikisha mpaka getini. Halafu asubuhi, gari likiwa limelala, liwashe na ushike mpira wa juu wa rejeta, mikono mbali na feni. Thamostati ikiwepo, mpira unabaki wa baridi kwa muda, kisha ghafla unakuwa wa moto. Isipokuwepo, unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo.

Na usiliache gari likinguruma limesimama nusu saa, unachoma mafuta bure. Subiri mngurumo ushuke, ondoka taratibu. Injini hupata joto upesi ikifanya kazi. Hita iwashe kitaa kikishazimika, usiinyang'anye injini joto lake mapema.

Jana nilikwenda Gerezani nikanunua thamostati mpya. Inakuja na basi la kesho, nimeifunga kwenye kanga ya mama yako pamoja na mpira wake wa kuzibia. Fundi aifunge gari likiwa limepoa, ajaze kulanti badala ya maji ya bomba, na atoe hewa yote. Akikwambia haina kazi, mwambie awashe hita kwanza.

Mjomba wako