Zamu yetu: kijiji cha juu ya Bwera

Juma hili ni zamu yetu sisi wa Bwera, na tumeamua kuandika juu ya kijiji tunamopanga. Jina lake tunaliacha, maana wengine wetu bado hawana karatasi. Ila ukipanda mlima na boda kutoka mjini utakiona tu: migomba chini, kahawa juu, mabati katikati.

Huku ni kulima. Kahawa ndiyo ada ya shule, maharage na mihogo ndiyo chakula. Kahawa huchumwa kwa mkono ikiwa nyekundu, inakobolewa, inaoshwa, inaanikwa. Mvua ikitonya tu, kijiji kizima kinakimbilia maturubai, hata wazee. Siye pia tunakimbia, hiyo ndiyo kazi ya kwanza tuliyopata. Shamba letu hatuna, tunakodi kipande kwa msimu na tunalipa kabla ya kupanda.

Siku tulizofika, mama mmoja tulimbebea gunia, akatuambia "wasingya". Tukacheka kabisa! Ndivyo nyanya zetu wanavyoshukuru kule Beni. Wakonzo na Wanande ni ndugu, lugha ni karibu ile ile. Mto Lhubiriha ulifanywa mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi mwaka 1910.

Mengine tuliambiwa na mzee mwenye nyumba, jioni, akichambua kahawa. Mwaka 1962 Wakonzo walipotangaza Rwenzururu, kwa kukataa kutawaliwa na Tooro, vita vilichoma vijiji vya mlimani. Watu wake walivuka kwenda Congo, wakapokelewa, wakapewa mahali pa kulima. Mdogo wake alizaliwa huko. Amani na serikali ilikuja 1982. Halafu Novemba 1996 waasi wa ADF wakaishambulia Mpondwe, na kijiji kikakimbia tena, magodoro kichwani.

Juni 2023 ADF waliua watu zaidi ya 40 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo Mpondwe, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo kuongea Kiswahili cha Congo dukani ilikuwa shida. Aliyetukodisha kipande akasema anakitaka, na maharage yalikuwa yametoa maua. Hatumlaumu sana, msiba ulikuwa kila mahali. Lakini hela yetu alikuwa ameshakula, jamani.

Mwenyekiti wa LC1 akaita kikao. Mzee wetu alisimama, akaanza kuhesabu kwa vidole nyumba zilizowahi kulala Congo. Vidole vikaisha, akaendelea na za jirani yetu huyo. Tukaachiwa tuvune. Msimu uliofuata kipande hatukupewa tena, sasa tunalima bondeni ambako maji yanaingia.

Ndugu wa makambi ya Kyaka na Rwamwanja mnatuulizaga kwa nini hatuji huko kwenye posho. Huku tunasikia lugha ya nyumbani, na siku ikitulia nyumbani si mbali.

Kahawa hatupandi, maana inataka miaka mitatu kabla ya kuzaa, na hiyo nani atatuahidi? Ila mmoja wetu aliokota miche mitano akaichomeka nyuma ya nyumba bila kuomba. Mzee aliiona asubuhi. Hakusema kitu, akaenda kukata majani ya mgomba, akaifunika isipigwe na jua.