Ukurasa wa Penseli: Mwanafunzi wa Usenge na Maisha ya Grace Ogot

Makala haya yanatokana na kosa nililolifanya mbele ya mwanafunzi wa gredi ya nane. Ni nadra mhakiki kuyakiri makosa yake, na anapoyakiri huyaita marekebisho ya nadharia. Mimi ninaliita kosa, nami ninalieleza hapa kwa kuwa linagusa swali ambalo idara zetu za Kiswahili hazijalipa uzito unaostahili: mtu anapotunga juu ya maisha ya mwandishi aliyeishi kweli, tumpime kwa kipimo gani?

Nilialikwa katika shule moja iliyo karibu na Usenge, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, Kaunti ya Siaya, niwe mwamuzi wa miradi ya wanafunzi katika siku ya wazazi. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewaagiza wanafunzi wamchague mwandishi mashuhuri, kisha wayawasilishe maisha yake kwa njia ya kisanaa. Wengi wao walimchagua Shaaban Robert, wakamchora akiwa na kofia, na chini ya picha wakaorodhesha vitabu vyake. Mmoja alimchagua Grace Ogot.

Uchaguzi huo ulinishangaza, ingawa sikupaswa kushangaa. Ogot alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo, kwenye ufuo wa ziwa lilo hilo. Alisomea uuguzi Mengo, Uganda, akaendelea na masomo hayo Uingereza, akatumikia BBC mjini London, kisha akarejea nyumbani na kufundisha ukunga Maseno. Alihudhuria mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962. Riwaya yake ya The Promised Land ilitoka mwaka 1966, na mkusanyo wa hadithi fupi, Land Without Thunder, ukafuata mwaka 1968. Baadaye aliigeukia Dholuo, akatunga Ber Wat na Miaha miongoni mwa vinginevyo. Aliingia Bungeni katika miaka ya 1980, akawa Waziri Msaidizi. Tawasifu yake, Days of My Life, ilichapishwa Kisumu mwaka 2012, naye akafariki Machi 2015.

Kwa kuwa vitabu vyake alivitunga kwa Kiingereza na Dholuo, mimi niliyezaliwa kwenye ufuo huo, na kuisikia Dholuo kabla ya lugha nyingine yoyote, nimefundisha fasihi kwa miaka mingi bila kumtaja darasani ila kwa kupitia. Tumejizoesha kuuchora mpaka wa fasihi yetu kwa lugha iliyotumiwa na mwandishi, na mpaka huo una hoja zake. Lakini mtoto yule hakuambiwa kuwa mpaka upo. Aliulizwa tu ni mwandishi gani mashuhuri anayemjua, naye akamtaja yule ambaye nyanya yake alikuwa amesomewa hadithi zake kwa lugha ya nyumbani.

Mradi wenyewe ulikuwa daftari la kawaida, jalada lake limevishwa kipande cha wavu mkuukuu wa omena. Ndani yake mlikuwa na shajara ya kubuni, kana kwamba Ogot ndiye aliyeiandika, toka utotoni hadi uzeeni. Kwenye ukurasa wa kwanza mwanafunzi aliweka maelezo mafupi: yaliyoandikwa kwa wino ameyasoma au ameyasikia kwa watu, yaliyoandikwa kwa penseli ameyabuni. Tarehe ya kuzaliwa, Mengo, London na Bunge vilikuwa kwa wino. Hofu ya muuguzi kijana katika zamu yake ya kwanza ya usiku ilikuwa kwa penseli.

Ukurasa mmoja ulikuwa wa penseli tupu. Ogot, ambaye hapo ni mkunga, amesimama ufuoni Usenge alfajiri, mashua za omena zinaporejea na taa zake. Wanawake wachuuzi wanangoja na beseni zao. Mmoja wao, mjane kijana, anamweleza mkunga kwamba mvuvi hatamuuzia samaki kwa fedha peke yake. Msomaji anayeujua ufuo wetu hahitaji maelezo zaidi. Desturi hiyo ina jina, nalo ni jaboya, na madhara yake kwa afya na heshima ya wanawake yamejulikana kwa miaka mingi. Kisha mjane anamuuliza mkunga juu ya hadithi yake: binti yule aliyepelekwa ziwani hakuliwa, na mvua ikanyesha vilevile, basi ni nani aliyesema kuwa ilikuwa lazima atolewe? Ukurasa unaishia hapo. Mkunga hajibu.

Hadithi inayorejelewa ni "The Rain Came", iliyomo katika Land Without Thunder. Ukame umeingia, na mganga wa mvua anatangaza kwamba Oganda, binti wa Chifu Labong'o, hana budi kutolewa kwa zimwi la ziwani. Akiwa njiani anaokolewa na mpenzi wake, Osinda, na mvua inanyesha. Uhakiki niliousoma, pamoja na niliouandika nilipokuwa mwanafunzi, huijadili kama mgongano kati ya mapokeo ya jamii na mapenzi ya mtu binafsi. Nilifuata njia hiyo, nikahesabu taswira za maji, nikapata alama nzuri. Sikuwahi kuuliza swali la mjane yule, ilhali ndilo swali ambalo mwisho wa hadithi unalilazimisha. Ikiwa mvua imekuja na kafara haikutimizwa, basi ama kafara haikuhitajiwa tangu mwanzo, ama deni bado lipo na atadaiwa mwingine. Ogot hatuambii ni lipi kati ya hayo mawili. Mtoto wa Usenge aliliona pengo hilo, akalijaza kwa mtu anayemwona ufuoni kila siku.

Mwalimu wa darasa alinionyesha ukurasa huo kabla ya maonyesho kuanza. "Daktari," aliniambia, "wazazi watakuja, na baadhi yao ni wavuvi. Tufanyeje?" Nilimjibu kwamba ukurasa utolewe. Sababu niliyoitoa ilikuwa ya kitaaluma: hakuna ushahidi kwamba tukio hilo lilitokea, na si haki kumtilia marehemu maneno kinywani. Ukurasa ulichomolewa kwa uangalifu, mwenyewe akapewa aukunje autie mfukoni. Nilipomweleza sababu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa adabu: "Mwalimu, kwani Oganda alikuwepo?"

Sikuwa na jibu. Nilijua, hata nilipokuwa nikiutamka, kwamba uamuzi wangu haukutokana na taaluma. Ulitokana na haya. Nisingependa kusimama mbele ya watu wa kwetu, nikiwa mgeni wa heshima, karibu na ukurasa unaoyataja mambo yetu. Nadharia niliivaa kama shuka ya kujisitiria.

Hata hivyo, hoja niliyoitumia kwa nia mbaya si hoja mbovu, na yafaa ipimwe. Ogot ana jamaa walio hai na wasomaji waliomjua. Kumbunia mtu kama huyo mazungumzo ni jambo zito. Lakini wasifu katika fasihi yetu haujawahi kuwa orodha ya matukio matupu. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad hakukusudia kutunza kumbukumbu tu; alikusudia kumwonyesha mwimbaji huyo wa Unguja kuwa kielelezo, na nasaha zake zimechanganyika na habari za maisha kiasi kwamba si rahisi kuzitenga. Tunausifu wasifu huo, na ni sawa tuusifu. Tofauti kati yake na daftari la Usenge ni kwamba mtoto alituonyesha mahali wino unapokoma na penseli inapoanza. Kwa kipimo cha uaminifu, nani kati yao alimtendea msomaji haki zaidi?

Aidha, Ogot mwenyewe alitenda jambo hilohilo. Alichukua masimulizi ya jadi ya Waluo, akawapa wahusika wake hofu na matamanio, akayaleta kwa wasomaji wa zama zake. Anayeyachukua maisha ya Ogot na kuyapeleka ufuoni amejifunza kwake namna ya kurithi hadithi, wala hajamvunjia heshima. Na lau kitendo hicho kingefanywa na mtunzi mwenye jina, tungekiita mwingilianomatini na kukiandikia tasnifu.

Kuna pia suala la lugha. Mtoto huyo hasemi Kiswahili nyumbani, na shajara aliyoibuni ni ya mwandishi ambaye hakutuandikia katika lugha hiyo. Baadhi ya wenzangu watasema hapo pana uongo wa pili. Mimi ninaona pana daraja. Wahusika wakuu wa The Promised Land, Ochola na Nyapol, wanahama kutoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Ziwa hili halijawahi kuwa la lugha moja, na mizigo inayolivuka haikaguliwi lugha. Iwapo fasihi ya Kiswahili inataka kuwa nyumba ya Waafrika wa Mashariki wote, basi ikubali kwamba wageni wengine wataingia wakiwa wamebebwa mgongoni na watoto.

Na swali la mjane halikuwa la kubuni. Kuanzia mwaka 2011 baadhi ya wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi, ili bei ile isidaiwe tena. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwarudisha nyuma sana. Lakini walikuwa wamekwisha kuthibitisha kwamba samaki hupatikana bila kafara. Niliposoma habari zao, nilitambua kwamba ukurasa niliouondoa ulikuwa uhakiki wa "The Rain Came" ulio sahihi kuliko wangu.

Nilirudi shuleni muhula uliofuata, nikamwomba mwalimu ukurasa urejeshwe, na mbele yake nikamwambia mwanafunzi kwamba nilikosea. Maonyesho yalikuwa yamepita, na wazazi hawakuusoma. Hilo siwezi kulirekebisha. Ukurasa alikuwa ameutunza. Penseli ilikuwa imeanza kufifia kwenye mikunjo, naye alikuwa ameyakoleza maneno yaliyofifia, bado kwa penseli. Nilimuuliza kwa nini hakutumia wino. Alijibu kwamba hajapata bado mtu wa kumthibitishia.

Tangu hapo, wanafunzi wangu wa uzamili wanaoandika juu ya mwandishi yeyote huandika kwanza ukurasa mmoja wa penseli, wakionyesha bayana walichokibuni na sehemu ya kazi ya mwandishi iliyowaruhusu kukibuni. Zoezi hilo huwatatiza zaidi ya sura ya nadharia, maana halina mahali pa kujificha. Ni matumaini yangu kwamba walimu wengine watalijaribu, na kwamba watakapoletewa ukurasa unaowatia haya watauliza kwanza haya hiyo ni ya nani, kabla ya kutafuta ushahidi.