Vitabu vya zamani vinavyonipitisha kituo

Leo sina ubuyu wa staa wala video iliyovuja. Nina ubuyu wa watu wa kwenye riwaya. Usikimbie bana, kaa hapo hapo, hawa wana mambo kuliko hao mnaowafuatilia Insta.

Mimi si msomi, nimeishia kidato cha nne. Shuleni tulisoma Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kwa ajili ya mtihani tu: kariri dhamira, kariri wahusika, rudisha kitabu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nililia. Kusoma kwa raha zangu nimeanzia kwenye daladala ya Mbagala, bando limekata na foleni haisogei.

Kuna mzee anatandika vitabu vilivyochakaa Kariakoo, karibu na duka ninalouza. Kwake ndiyo nilikutana na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Yaani yule jamaa! Kikosi cha Kisasi kilitoka 1979, mama yangu mwenyewe alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza, lakini nilikisoma nikapitiliza kituo mara mbili ndani ya wiki moja. Ila wadada wa humo, mmh. Wazuri wote, hakuna hata mmoja mwenye chunusi.

Za WhatsApp nazo nasoma, sijidai. Zinakuja vipande vipande, pale mlango unapofunguliwa tu unakutana na "itaendelea", tuma buku mbili upate zilizobaki. Natuma. Kesho yake hata jina la bosi aliyemuoa dada wa kazi silikumbuki.

Rosa Mistika ndiyo hakijanitoka. Kezilahabi alikitoa 1971, na kuna kipindi kilipigwa marufuku mashuleni. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi, nyumba imemshinda, lakini binti akipata barua ya mvulana anapigwa vibaya sana. Rosa anakua kwa woga. Akifika mbali ambako fimbo haifiki, hana kingine alichofundishwa cha kumlinda. Charles alipomkataa kwa sababu si bikira, nilifunga kitabu nikatukana kimoyomoyo, abiria wa pembeni akanigeukia. Na kiukweli mwandishi nina kesi naye: waliompitia Rosa ni wengi, kwa nini bili yote aletewe yeye?

Sasa nilikuwa katikati ya kitabu hicho mama akanipigia simu. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, baba kakuta meseji za kijana kwenye simu. Mkanda umetembea, mtoto haendi shule siku ya tatu, mgongo haugusiki. Baba yetu si mlevi, mjue. Mtu wa watu kabisa, mtaani wanamsifia kwa malezi.

Jumapili nikaenda nyumbani. Kubishana na baba siwezi, kwetu hakuna kitu kama hicho. Nilimalizia kurasa za mwisho ndani ya gari, na nilipofika kitabu nikampa mama. Ana darasa la saba, anasoma taratibu, kidole chini ya mstari, usiku kazi zikiisha. Wiki mbili kimya. Halafu saa tano usiku simu inaita, ananong'ona:

"Mwanangu, huyu Zakaria anakoroma hapa pembeni yangu."

Nilicheka mpaka chozi likanitoka. Yeye hakucheka. Akauliza, "Huyu binti mwisho wake unakuwaje?" Nikamwambia soma, mama. Sikuweza kumtajia kwenye simu.

Alipomaliza hakunipigia. Nimekuja kusikia kwa mdogo wangu kwamba mama alimwambia baba, mbele ya chakula, kuwa mambo ya huyu mtoto kuanzia sasa atayazungumza yeye, na mkono usinyanyuliwe tena. Baba alinawa akatoka nje. Hajajibu mpaka leo. Mkanda bado unaning'inia msumarini, lakini toka siku hiyo haujashushwa.

Kitabu kipo chini ya godoro la mdogo wangu. Mama anajua, anajifanya hajui. Mimi nimerudi kwa mzee wangu Kariakoo natafuta cha Ben Mtobwa chenye kurasa zote, maana cha mwisho aliniuzia hakina mwisho. Mwenye nacho aniazime jamani, narudisha.