Amana ya Picha: Diski Yetu Ilipokufa Tabora



Sisi ni dada wawili wa Unguja, na kazi yetu ni kupiga picha shughuli za wanawake watupu: singo, hina, maulidi ya ndani, usiku wa kupambwa. Hakuna mwanamume anayegusa kamera zetu wala kuzisafisha picha. Ndiyo sababu mama mmoja wa Tabora alitupigia simu na kutuomba tuvuke bahari kwa ajili ya binti yake. Alitupa sharti moja: "Wanangu, picha za usiku wa hina asizione mwanamume yeyote." Tukamwambia inshaAllah.

Tulipanda boti hadi Dar es Salaam, tukachukua treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi kupitia Manyoni na Itigi. Tulilalamika njia nzima kwamba ni mbali. Zamani msafara kutoka Bagamoyo ulitembea miezi mitatu hivi kufika huko, na wapagazi wa Kinyamwezi wamebeba mizigo mabegani. Tabora ndipo njia zilipogawanyika: moja ikienda Ujiji, nyingine ikipanda Karagwe hadi Buganda. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga huko, wakaoa, wakazikwa. Hadi leo kuna mtaa unaitwa Ng'ambo, kama Ng'ambo yetu ya Unguja. Tulipousikia tulicheka, tukajiona tumefika nyumbani.

Jumatano wenyeji wetu walitupeleka Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Mwaka 1872 alipoagana na Stanley hapo, alimkabidhi shajara yake ikiwa imefungwa kwa lakiri, aipeleke Uingereza. Tulipiga picha za miembe na mlango, tukarudi kula wali na asali ya miombo. Hatukuyafikiria tena mambo ya lakiri.

Alhamisi ulikuwa usiku wa hina. Bibi mzaa mama wa mwali, ambaye kwa miezi mingi hakutoka kitandani, aliomba avishwe kanga mpya aletwe ukumbini. Akamshika mjukuu wake mikono, akampaka hina kidole kimoja kwa mkono wake unaotetemeka. Wanawake walipiga vigelegele mpaka wengine wakalia.

Saa saba usiku tulihamishia picha zote kwenye laptopu. Tukazifuta kadi za kamera, kwa kuwa kesho yake Ijumaa palikuwa na nikaha na tulihitaji nafasi. Laptopu tuliiacha inawaka kitandani, ikiwa kwenye chaja. Mtoto mmoja alipita, mguu ukanasa kwenye waya, ikaanguka chini. Kosa si la mtoto, ni letu.

Baada ya Alfajiri tuliiwasha. Ikatoa mlio wa ka-ka-ka, kama mtu anayegonga kucha mezani, kisha maandishi meupe kwenye kioo cheusi kwamba haioni diski. Tukaizima, tukaiwasha tena. Tulifanya hivyo mara nne, na baadaye tulijua kwamba kila mara tuliizidishia majeraha.

Tunakiri mbele yenu: jambo la kwanza tulilofikiri ni kunyamaza. Tungepiga nikaha, tungerudi kwetu, tungesema picha za hina bado zinasafishwa. Mmoja wetu alisema hivyo kwa sauti, na mwingine hakumjibu. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha tukaenda jikoni kwa mama wa mwali, tukamweleza yote.

Hakugomba. Aliuliza tu, "Nani ataifungua hiyo mashine?" Tukasema mafundi tuliowasikia mjini wote ni wanaume. Akatazama sufuria yake kwa muda. "Basi zikipotea, zimepotea, ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini zikionekana, nitamwambia nini mwanangu?"

Fundi aliyepatikana ni kijana wa jirani. Tulimweleza kwamba ni picha za stara. Akasema, "Sawa, mama zangu. Basi mimi nitakuja huko, mashine isitoke ndani." Jumamosi asubuhi alikuja na begi lake, akakaa barazani, nasi tukiwa tumekaa pembeni yake muda wote.

Alifungua skrubu za chini, akaitoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake. Hakuiwasha kwa Windows. Aliiwasha kwa Linux iliyokuwa kwenye flashi, akatueleza kwamba Windows ikiona diski mbovu inaweza kutaka kuirekebisha, na kurekebisha huko huandika juu ya vile vile unavyovitafuta. Kisha akaweka programu inayonakili diski kipande kwa kipande kwenda diski nzima: inachukua kwanza panaposomeka, inaruka palipoharibika, halafu inarudi kupajaribu taratibu. Kazi ilichukua mchana kutwa. Jioni alituachia kompyuta yake, tukalala nayo chumbani kwetu.

Asubuhi alipotaka kuhakiki, alifanya jambo ambalo hatukumwomba. Kabla ya kufungua folda, aliibadilisha ionyeshe majina ya faili na ukubwa tu, bila vijipicha. Akahesabu namba. Kisha akaigeuza kompyuta kutuelekea sisi, akainuka. "Fungueni nyinyi, mimi nipo kwenye mwembe."

Hapo ndipo tulipoikumbuka ile shajara ya Kwihara. Ilipita mikono mingi toka Tabora hadi Bagamoyo hadi baharini, ikiwa na lakiri yake. Aliyebeba hakupewa asome, alipewa afikishe. Amana kurudi kwa mwenyewe tumefundishwa tangu chuoni, lakini siku ile tuliiona kwa macho, kwa kijana aliyekuwa akimenya karanga chini ya mwembe.

Kati ya picha 418 za usiku wa hina, 371 zilikuwa nzima. Nyingine hazikufunguka kabisa. Ile ya bibi na mjukuu ilifunguka nusu: nyuso zao zipo, bibi anacheka bila meno, lakini kuanzia kifuani kwenda chini ni rangi ya kijivu tupu. Mikono na hina havipo. Tulidhani mama wa mwali ataumia. Aliitazama sana, akasema, "Ikateni hapo, mnitolee kubwa."

Kuipiga Windows upya ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Fundi alinunua diski mpya ya SSD, ambayo haina kisahani kinachozunguka, kwa hiyo haiumii kirahisi ikianguka. Alitumia flashi ya GB 8 yenye Windows iliyopakuliwa kwa Microsoft wenyewe. Alituuliza kama tunataka iliyovunjwa ufunguo. Hatukuitaka, na hatukuihitaji: laptopu iliyouzwa na Windows halali huikumbuka leseni yake ndani ya ubao wake, na ukirudisha toleo lile lile hujitambua ikipata intaneti. Saa moja na nusu, na programu za sauti na intaneti zikiwemo, kompyuta ikawa mpya na tupu.

Alipokuwa akifunga begi, alituwekea diski ya zamani mkononi. "Hii msimwachie mtu. Mbovu kwenu, lakini anayejua anaweza kutoa vitu." Tuliirudisha Unguja, tukaivunja visahani vyake kwa nyundo.

Mabibi harusi, haya ndiyo tunayoyafanya sasa, nanyi mna haki ya kumuuliza mpiga picha wenu:

Kadi ya kamera haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili tofauti. Mkoba mmoja si mahali pawili.

Diski inayobeba picha zenu imefungwa kwa nywila, na ufunguo wa dharura umeandikwa kwenye karatasi na kuhifadhiwa mbali na kompyuta.

Diski ikianza kugonga, izimeni. Msijaribu tena, msiitikise.

Na kama itabidi fundi aione, mwambieni mapema kilichomo, mkae naye, na mrudi na diski ya zamani nyumbani.

Mwali wetu sasa yuko kwake, alhamdulillah. Bibi alifariki mwezi wa nne baada ya harusi. Mama alitutumia ujumbe kwamba ile nusu picha iko ukutani chumbani kwake, wanapoingia wanawake tu. Mwombeeni bibi rehema, na mwombeeni yule fundi baraka katika kazi yake. Amin.